Raba Moja ya Mguu wa Kulia

Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa macho haya na miguu hii. Ukibisha, njoo kwangu Kaagya nikuvulie kiatu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka niliomaliza shule ya usiku na kujiona msomi kuliko Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Baba yake Koku, mchumba wangu, alituma neno kutoka Muleba: nifike kwake Jumamosi kabla taa hazijawashwa, na mvua isiwe kisingizio. Nikikosa, binti ataolewa na karani mmoja mwenye pikipiki. Na masika ya mwaka huo, niamini, hata vyura walikuwa wakijikinga.

Nikaenda madukani Miembeni kutafuta raba za kuvalia juu ya viatu. Nani humkabidhi binti yake mtu ambaye viatu vyake vinatapika maji? Za turubai nilizikataa, zinakunywa mvua. Fupi za mpira zinaacha kifundo wazi. Nikachagua ndefu za mpira, soli yenye meno isiteleze kwenye pedali ya baiskeli yangu, kubwa kidogo ili kiatu kiingie. Nilizijaribu nikiwa juu ya baiskeli humo humo dukani, hadi mwenye duka akaniuliza kama nitalala hapo.

Suruali nikaichomeka ndani ya raba, kimaridadi, nikaondoka. Sijafika nusu ya njia, maji yalikuwa yameteremka na suruali, kila raba imekuwa ndoo. Vidole sikuvisikia tena.

Mchana ule ulikuwa na giza la ukungu. Kwenye mteremko wa kwenda darajani nikaona mtu amesimama katikati ya barabara kwa mguu mmoja. Si kwamba aliukunja mwingine. Hakuwa nao, wala fimbo hakuwa nayo. Na mvua, sikia, ilikuwa inamkwepa. Wewe ungekimbia? Mimi nilifunga breki, nikashuka.

Nikamsalimu, nikamkaribisha kahawa ya kutafuna niliyowafungia wakwe kwenye jani la mgomba. Kwetu mgeni hupewa kahawa, awe na miguu mingapi. Akatafuna taratibu, akazitazama raba zangu, akacheka.

"Mwana wange, suruali hukaa nje ya raba. Umeyachimbia maji mfereji."

"Kweli, waitu," nikajibu kwa heshima.

"Nipe moja. Mbili nitazifanyia nini?"

Nitaingiaje kwa mkwe na raba moja, kama kichekesho? Lakini nikavua ya kulia, nikampa. Akaivaa, akaruka mara moja tu hadi ng'ambo ya mto, ukungu ukammeza. Nilipolitazama daraja, mbao za katikati zilikuwa zimekwenda na maji. Asingenisimamisha, ningekuwa chakula cha kambare. Nikajitwika baiskeli, nikavukia upande wa juu wa mto, kwenye mawe.

Nilifika taa hazijawashwa. Mzee akanitazama miguu: wa kushoto, wenye raba, unachuruzika, wa kulia mkavu kama umetoka kuota moto. Nikamsimulia yote. Yeye ni Mlutheri wa benchi la mbele, lakini alitoka na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akamwaga kidogo uani kama tambiko.

"Mugasha ana mguu mmoja," akasema polepole. "Ziwa ni lake, na mvua ni yake. Kaa ule, mwanangu."

Yule karani hakutajwa tena. Koku yuko jikoni hivi sasa ninapoandika, ananicheka. Mguu wangu wa kulia haujalowa tangu siku hiyo. Kuuosha ni vita, maji yanaukimbia.

Nawe masika yakikukuta barabarani, chagua raba ndefu, toa suruali nje. Na mwenye mguu mmoja akikusimamisha kwenye mvua, usianze kuuliza zako zitabaki ngapi. Vua, mpe.