Nyota za Urania

Katika karakana ya Bwana Marescot, mtaa wa Marais, kiti cha dirishani hakiombwi. Hukikalia mng'arishaji hodari kuliko wote, na Honorine Taillade alikuwa amekikalia tangu kabla ya vita. Paris nzima, kung'arisha ni kazi ya wanawake. Wanaume huyeyusha shaba, huichonga na kuipaka dhahabu. Kisha mwanamke huchovya jiwe la akiki, lililofungwa kwenye mpini, katika maji ya siki, akasugua mpaka dhahabu iwake.

Majira yale ya baridi Honorine aliteleza kwenye ngazi, kidole gumba cha kulia kikavimba. Aliporudi kazini alimkuta Ginette, mwanafunzi wake wa kazi, amekwisha kutundika aproni yake dirishani.

"Pumzika, Mama Honorine. Mikono nayo inastaafu."

"Yangu itastaafu nikifa. Ondoka hapo!"

Bwana Marescot, aliyechoshwa na kelele, akaweka mbele yao saa ya kale ya kupamba meko, ya shaba iliyopakwa dhahabu: Urania, mungu wa kike wa nyota, ameegemea tufe la mbingu. Tufe lilikuwa limepakwa upya. Lilitakiwa ling'ae kama kioo, ila nyota zake, ndogo kama dengu, zibaki bila mng'ao. Jiwe likigusa hata moja, ingebidi tufe lote lirudi kupakwa.

"Honorine akimaliza salama, kiti ni chake," akasema. "Akiharibu, ni cha Ginette."

Gumba lilikataa kubana jiwe. Honorine akasonya, akabadili mtindo: mpini mrefu akaubana kwapani, jiwe likatulia tuli. Kwa mkono wa kushoto akawa anamgeuza Urania mwenyewe, polepole, dhahabu ikijisugua kwenye jiwe na kuzizunguka nyota.

"Mnacheza dansi?" Ginette akacheka.

"Ndiyo. Na anafuata hatua kuliko mumeo."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Honorine hakuinua macho. Bega lilimuuma, jasho likamtiririka, akaendelea kumzungusha mungu wake.

Tufe lilipokamilika, Ginette alichukua kioo cha kukuzia akakagua nyota moja baada ya nyingine, kwa hamu ya kukuta mkwaruzo. Akarudia tena. Mwishowe akakishusha.

"Hakuna," akasema kwa sauti ndogo. "Hata moja hukuigusa. Utanifundisha?"

Honorine alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha dirishani, mgongo wima kama malkia.

"Nitakufundisha, binti yangu. Lakini kwanza sogea. Unanizibia mwanga."