Hakupasuliwa Kifua

Mume wangu alitoka hospitali Dar akiwa hai, na hapa kijijini Kwamsisi wakamwita mwongo. Kosa lake ni moja: hana kovu kifuani.

Naandika haya hasira bado haijanitoka, mtanisamehe.

Mume wangu, Baba Rukaya, alivimba mshipa mkubwa wa damu, ule unaotoka kwenye moyo. Daktari alisema ukipasuka tu, kwisha habari. Basi wakaingilia kwa tundu dogo kinenani, wakapitisha kibomba cha kitambaa na waya mpaka kifuani, kikakaa ndani ya mshipa.

Siku ya tatu alikuwa anatembea.

Nesi mmoja, Yusta, aliniona nasoma kwa kufuata kidole. Hakunicheka. Akakaa, akatuandikia maelekezo kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa. Mungu amjalie.

Nilikosea tulipofika nyumbani. Wageni wamejaa kumjulia hali mgonjwa, nikampa karatasi shemeji yangu Sadala, mdogo wake mume wangu, awasomee, maana yeye anasoma haraka.

Akasoma mstari wa kwanza: "Hakupasuliwa kifua."

Akaikunja, akaitia mfukoni. "Kumbe mlikwenda Dar kutembea."

Watu wakacheka. Wakataka kuona kidonda. Sasa mzee mwenye wajukuu afunue kinena mbele ya wakwe? Akakataa. Ndiyo akawa mwongo.

Wiki nzima akipita wanamwita Mgonjwa wa Dar.

Jumamosi Sadala akaja na wenzake kupakia mahindi. Akasema, "Kaka, kama kifua hakijaguswa, shika gunia."

Na mume wangu, kwa aibu tu, akainama akalishika.

Nilitupa ungo, nikaenda kulikalia lile gunia. Na miaka yangu sitini na nane, mbele ya wanaume. Nikamwambia Sadala anipe karatasi yangu. Akasema imepotea.

Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye baiskeli. Nikapekua. Ilikuwemo.

Nikaisoma kwa kidole, kwa sauti, neno moja moja. Mstari wa pili: asibebe kitu kizito, mshipa bado unapona.

Hakuna aliyecheka.

Mstari wa tatu: ugonjwa huu unaweza kuwa wa ukoo, ndugu wa damu wapimwe.

Nikainua macho. Sadala analia.

"Nilisoma yote siku ile ile, shemeji," akasema. "Mgongo unanichoma katikati ya mabega tangu mfungo. Nikaona kaka akiwa si mgonjwa, basi na mimi si mgonjwa."

Nilitamani kumpiga na ungo. Alikuwa tayari kumzika kaka yake ili yeye asiogope!

Lakini Jumatatu nilipanda naye basi mpaka Korogwe. Wakatuandikia rufaa. Kipimo cha hospitali kubwa kimeonyesha uvimbe ule ule, bado mdogo. Wameuwahi.

Sijamsamehe. Uji nampelekea.

Nanyi mnaosoma hapa: karatasi ya mgonjwa someni mpaka chini. Kama unasoma polepole, soma polepole, ila soma mwenyewe. Kidole changu kimeokoa watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anasoma haraka.