Aliye Juu ya Mti Haitwi

Kwetu Pemba mtu halali nje kwa starehe. Wavuvi hulala nje wakienda dago, kuvua kwa siku nyingi visiwani, wachumaji wa karafuu hupiga kambi shambani msimu ukifika, na wote hao ukiwauliza watakwambia wanakitamani kitanda. Kwa hiyo mume wangu aliponunua hema na kutangaza kuwa likizo ile tutakwenda kulala mashamba, mimi na yeye na watoto, kwa furaha tu, nilimuuliza nyumba yetu ya Tibirinzi inavuja upande gani.

Yeye ni mtu wa Unguja, tena wa mjini, wa kumwona jongoo akasema nyoka. Aliona kwenye simu familia imekaa mbele ya hema, watoto wanacheka, baba anakoroga chai, basi ikawa ndiyo hiyo asubuhi na jioni. "Watoto hawa wanakulia ndani ya kuta," akaniambia. "Hata shamba la kwao hawalijui." Hapo alinibana. Shamba lenyewe ni la upande wangu, la mikarafuu, njia ya kwendea Wambaa, na nilikuwa sijalikanyaga tangu alipofariki bibi yangu aliyenilea humo. Nikafunga vyombo huku nanung'unika.

Watoto wetu ni wawili: binti, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameanza skuli, na mdogo wake wa kiume, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kumfuata dada yake kila aendako na kulia akiachwa nyuma. Tulifika alasiri. Jirani wa shamba, bi kizee aliyekuwa shoga wa bibi yangu, alitukuta tukipigana na vyuma vya hema akasimama kututazama.

"Asalaam alaykum. Kwani nyumba mmefukuzwa?"

"Hatukufukuzwa, Bi Mkubwa. Tumekuja kupumzika."

"Kupumzika," akasema, kama anayeonja kitu asichokijua. "Haya. Kisima mwakijua. Mvua ikinya, mlango wangu haufungwi."

Mvua ikanya. Hema lilivuja pembe mbili, popo wakagombana juu ya miti hadi karibu na alfajiri, na mume wangu kila popo akilia alikuwa akiniuliza, "Nini hicho?" Nilimwambia ni majirani wanamwulizia mgeni. Nilicheka peke yangu gizani. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ndicho cha mwisho nilichocheka katika safari ile.

Asubuhi mvua ilikatika. Mashina yalikuwa yameloa, meusi, yanateleza. Nilikaa kwenye mafiga nikipuliza kuni mbichi, mume wangu yumo ndani ya hema akikausha magodoro kwa kitambaa, na watoto wanacheza kibe. Mchezo wenyewe kila mtu aliucheza: mmoja hufumba macho na kuuliza "Tayari?" na aliyekwenda kujificha hujibu "Bado!" hadi apate pa kujibanza. Safari hii aliyefumba macho alikuwa mdogo. Alijikunyata ubavuni kwangu, viganja usoni.

"Tayari?"

"Bado!" Sauti ilitoka nyuma ya hema.

"Tayari?"

"Bado!" Ilitoka mbali kidogo, kwenye mikarafuu. Nikasema moyoni, hajaelekea kisimani, afadhali.

"Tayari?"

"Bado!"

Hiyo ya tatu ilitoka juu.

Sauti ya mwanangu naijua, na nilijua ilikotoka, lakini shingo ilikataa kunyanyuka. Niliendelea kuupuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka. Kisha nikatazama. Gauni la manjano lilikuwa katikati ya majani ya mkarafuu mkubwa, ule wa bibi, juu mno, pale ambapo hata wachumaji watu wazima hawafiki bila kamba. Miguu ilikuwa mitupu. Ndala zake alizipanga vizuri chini ya mti, kama anavyopanga mlangoni kwetu.

Mti ule ni mzee, una matawi tangu chini, na kuupanda ni kama kupanda ngazi. Kuushuka ndiko kwenye kazi. Na mkarafuu si mwembe. Tawi la mwembe hulalamika kwanza, mtu akapata kujua. La mkarafuu halikuagi. Kila msimu tunasikia fulani kaanguka, fulani kalazwa, na hao ni watu wanaoijua kazi.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwita. Nikaufunga.

Nilikuwa na mjomba aliyekuwa akichechemea, mguu mmoja umepinda kwa nje. Tulipokuwa watoto tulidhani alizaliwa hivyo. Siku moja bibi akanieleza, mara moja tu na hakurudia tena: mjomba alikuwa juu ya mkarafuu, kijana, mwepesi, na chakula kikawa tayari. Bibi akatoka jikoni akamwita kwa sauti. Yeye akageuza shingo kuitikia, basi. Tangu siku hiyo, katika shamba lile, mtu aliye juu ya mti haitwi. Watu husema aliye juu mngoje chini wakimkusudia mkubwa anayejivuna, lakini kwa bibi yangu ilikuwa ni kazi yenyewe. Unakwenda chini ya mti, unakaa, unajishughulisha na jambo lako, unasema maneno yako kwa sauti ya kawaida hadi wa juu akusikie na azungumze yeye kwanza.

Mdogo akafumbua macho. "Nimtafute?"

"Kula andazi kwanza," nikamwambia, nikampa na la pili. Akakaa. Kama si lile andazi sijui ingekuwaje.

Mume wangu akatoka hemani na kitambaa mkononi. Akaniona, akafuata macho yangu, akavuta pumzi ya kupiga ukelele. Nilimrukia. Nilimziba mdomo kwa kiganja kilichojaa majivu na nikamnong'oneza sikioni: "Ukimwita, wallahi sikusamehe mpaka kaburini." Alikuwa akitetemeka, na kutetemeka kwake kukaniingia mkononi hadi begani. Nikaondoa kiganja polepole.

"Nifanye nini?" akasema kwa pumzi.

"Livue hema. Lete na magodoro. Taratibu."

Mtu yule niliyekuwa nikimcheka usiku kucha alilivua hema bila chuma kulia. Akaburuta magodoro, mablanketi, mito, hata mifuko ya nguo, akavirundika chini ya mti kimoja kimoja, kama anayemlaza mtoto mchanga. Lilikuwa rundo dogo. Nililitazama, nikatazama juu, nikajua ni la kujipa moyo tu.

Mimi nilichukua pakacha. Jana yake nilikuwa nimechuma vishada vichache vya karafuu kwenye matawi ya chini ili watoto wazione. Nikakaa juu ya mizizi nikaanza kuzichambua, karafuu huku, vikonyo kule, na nikaanza kusema. Nilisema karafuu zimenyeshewa zitachelewa kukauka. Nilisema chai itakuwa na moshi leo. Nilisema jirani ana kuku mweupe. Sauti ilinitoka nzuri, ya mtu mwenye siku nzima mbele yake, na nilikuwa naisikia kama ya mwanamke mwengine aliyekaa karibu yangu. Nilikuwa tayari kumwomba Mungu aivunje miguu yangu pale pale, yote miwili, na amshushe yeye.

Kupanda ningepanda. Nilizaliwa humo. Lakini tawi alilokalia lilikuwa jembamba kama mkono wangu, lisingetuchukua sote wawili.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Mie nipo kuno juu."

"Nakuona. Huko kuna upepo?"

"Upo. Naiona bahari. Mama, mguu wangu watetema wenyewe."

"Umechoka tu. Ukumbatie mti kama unavyomkumbatia baba akirudi kazini. Usitazame chini. Chini natazama mie."

Akaukumbatia. Nikaona kifua chake kinapanda na kushuka kwenye lile gauni. Kulia na kushoto bado alikuwa akizikosea, kwa hiyo nikamwambia ashushe mguu wa upande wa bahari. Akaupapasa upepo, akapapasa, akapata tawi. Kisha mguu wa upande wa nyumba ya jirani. Kisha wa bahari tena. Vidole vyangu havikuacha kuchambua hata mara moja. Baba yake alisimama juu ya magodoro, mikono ameinyanyua, midomo inasoma kila sura aliyoihifadhi.

Mguu wa upande wa jirani ulikanyaga tawi, na tawi halikuaga.

Lilipita mbele ya uso wangu likaangukia mto mmoja rundoni. Juu, mwanangu alikuwa amening'inia kwa mikono, miguu inatafuta. Hakupiga kelele. Kanga yangu ya chini ililowa, na haikuwa mvua.

"Hilo lilikuwa bovu," nikasema. "Liache. Jengine lipo karibu na goti lako, lile lenye majani mengi. Liguse kwanza. Umelipata?"

"Bado."

"Sogeza goti upande wa bahari. Kidogo tu."

Neno lile "bado" alilisema kwa sauti ile ile ya mchezo, na nilifikiri nitazimia. Sikuzimia. Nilichambua.

"Nimelipata."

Kutoka hapo sikumbuki matawi. Nakumbuka unyayo mmoja mdogo, mweusi kwa ukungu wa mti, ukishuka hadi baba yake akaushika. Akaushika na wa pili, akamshika kiuno, akamng'oa mtini. Wakaanguka wote wawili juu ya magodoro na mume wangu akalia kwa sauti, kamasi zinamtoka, anambusu kichwa na kumgombeza kwa pamoja.

Mdogo akaja na andazi mdomoni. "Nimekuona," akamwambia dada yake. "Zamu yako kufumba."

Nilikwenda kubadilisha kanga. Niliporudi jirani alikuwa amefika, amevutwa na kilio cha mwanamume, na binti yangu anamhadithia. Alikuwa na chubuko kwenye paja na fahari kubwa usoni.

"Baba kaogopa, kalia," alikuwa akisema. "Mama hakuogopa. Mama alikuwa kakaa zake anachambua karafuu. Kesho ntapanda mpaka kileleni, niione na kisiwa cha Misali."

Jirani akanitazama. Akainama akachungulia pakacha langu, na mimi pia nikachungulia. Karafuu na vikonyo vilikuwa vimechanganyika huku na kule. Hakuna nilichochambua. Nilikuwa nikivitenga na kuvirudisha.

Hapo ndipo hofu yenyewe iliponishika, kubwa kuliko ya mwanzo. Ile ya mwanzo nilikuwa nimeificha vizuri mno. Nilimshusha mwanangu akiwa mzima, lakini hakushuka na hata chembe ya woga, na mti uko pale pale, na kesho iko pale pale, na siku hiyo pengine mimi niko sokoni na hakuna wa kukaa chini yake. Mambo yote ya kumlinda niliyakumbuka isipokuwa hilo.

Nikamwita, sasa yuko chini naweza kumwita, nikapiga magoti mbele yake. Niliuchukua mkono wake nikauweka kifuani pangu. Moyo ulikuwa bado unapiga kama mtwangio.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Huo ndio uliokuwa ukipiga nilipokuwa nikikwambia sogeza goti. Mie niliogopa. Niliogopa kuliko baba yako. Nilijua unaanguka, nilijua nitakuokota hapa umekufa."

Nikamweleza habari ya mjomba na mguu wake. Nilimwonyesha lile tawi lililovunjika, jinsi lilivyokatika kavu, bila hata uzi wa gome. Kisha niliacha kujizuia. Nililia mbele yake kama tunavyolia msibani, kwa mdomo wazi, na sikujifunika uso kwa kanga ili apate kuona vizuri. Mume wangu alitaka kuniinua, jirani akamvuta mkono akamwambia, "Mwache amsomeshe mwanawe."

Binti yangu hakuwahi kuniona hivyo. Kwanza alitabasamu, akidhani ni mchezo. Kisha midomo ikaanza kumcheza. Akautazama ule mkarafuu, kuanzia chini kwenye ndala zake hadi pale juu alipokuwa, polepole, na macho yakampanuka. Akanikamata kanga kwa mikono miwili, akajificha kifuani kwangu, na nikausikia moyo wake nao unakwenda mbio.

Ameogopa, nikasema. Alhamdulillahi, ameogopa.