Kiraka cha Kona ya Pili

Maziwa yakifurika kwenye jiko la makaa, mimi huacha kila kitu. Si kwa sababu ya maziwa, ni kwa sababu ya ile harufu. Jumatano iliyopita, kwenye maonyesho ya magari ya zamani hapa Nakuru, mama muuza chai aligeuka kidogo tu kumsalimia mtu, sufuria ikamwagikia makaa, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimegeuza kichwa kumtafuta baba yangu, kama mtoto wa miaka minane.

Sikumwona baba. Niliona gari lake.

Naliita lake, na mbele mtanielewa. Lilikuwa dogo, jekundu, pua ndefu, limelala chini kama mbwa anayeota jua, na mbele yake kulikuwa na kadi ya Kiingereza. Binti yangu Eunice, ambaye tangu ajue kusoma hapiti hata gunia la unga bila kulisoma, akaisoma kwa sauti. Kisha akanitafsiria, kana kwamba mimi sikumaliza Form Four: ekzosi, yaani bomba la moshi, ya chuma kisichoshika kutu, iliyotengenezwa nyumbani na mwenye gari kwa mikono yake mwenyewe.

Akaniangalia. "Mama, kwani babu alikuwa anatudanganya aliposema aliitengeneza yeye?"

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Nilimfungua mdogo wake Eunice mgongoni, nikamkabidhi yule mama wa chai, "Nishikie huyu kidogo," nikaruka kamba, nikalala chali kwenye nyasi na gauni langu la kanisani na kujisukuma chini ya gari.

"Mama! We mama, toka hapo!" Kijana mwenye beji alikuja mbio. "Magari hayaguswi!"

"Siligusi gari," nilimjibu kutoka huko chini. "Nagusa kazi ya baba yangu." Na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kona ya pili.

Kilikuwepo. Ngoja niwaeleze ni nini kilikuwepo.

Katikati ya miaka ya hamsini, yapata miaka ishirini na mitano iliyopita, tulikaa kwenye shamba la ng'ombe upande wa ziwa, karibu na pale mto Njoro unapoingilia. Baba, Fundi Elam, alikuwa ametoka Maragoli kuja kutengeneza trekta na mashine za kukamulia. Mwenye shamba tulimwita Bwana Upesi, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolimudu bila kulivunja. Gari lilimfikia kwa treni, vipande vipande, ndani ya sanduku la mbao kubwa kama chumba. Mwili wake haukuwa hata bati. Ulikuwa kitu kama ganda la kibuyu, ukiugonga unalia ko, ko. Bwana alichukua gari na sisi watoto tukachukua sanduku, tukalifanya nyumba, na nawaambia ukweli, tulimwonea huruma kwa kuchagua vibaya.

Ekzosi iliyokuja na gari haikumaliza kiangazi kimoja. Mliokulia Nakuru mnalijua lile vumbi jeupe la ziwani, maji yakipungua na upepo ukigeuka. Lina magadi, na magadi yanakula bati, misumari, hata vitasa vya milango. Bwana akaleta mabomba ya zamani ya kupitishia maziwa, yaliyong'olewa mahali walipobadilisha mashine. Akayatupa mbele ya baba.

"Elam. Hii hapana shika kutu. Tengeneza. Upesi."

Siku baba alipoyapasha moto mara ya kwanza, karakana nzima ilinuka maziwa yaliyoungua. Ng'ombe waliopitisha maziwa yao humo walikuwa wamekufa zamani, lakini maziwa yao yalikuwa bado humo ndani, yamejificha. Paka wa shamba walikuja watano wakakaa mlangoni.

Sasa, bomba la maziwa ni jembamba. Ukilikunja likiwa tupu linabonyea kama bua la mhindi mbichi. Kwa hivyo baba alilijaza mchanga, akaushindilia mpaka bomba likalia kama jiwe, akaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, akapasha moto sehemu moja mpaka ikawa nyekundu, kisha akalikunja polepole kuzunguka ringi ya gurudumu. Likipoa, pale kwenye kona panabaki rangi za dhahabu, zambarau na buluu, kama shingo ya njiwa. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na sijaona pambo nililolitamani hivyo.

Kazi yangu ilikuwa mchanga. Kuuleta kwa debe, kuuchekecha, kuukaanga kwenye karai kama njugu, huku nikikoroga mpaka mkono ufe ganzi. Halafu baba alipitisha kipande cha kioo juu yake. Kioo kikipata ukungu, rudi ukakaange. "Usiniambie umekauka," alikuwa akisema. "Wacha kioo kiniambie."

Mchanga wa kazi ulitoka kivukoni, juu mtoni, pale ng'ombe wanapovukia. Baba alisema mara moja tu: kivukoni, si kwingine. Kona ya kwanza ilitoka safi. Siku ya kona ya pili nilikuwa na wageni kwenye nyumba yangu ya sanduku, na kivukoni ni mbali. Nikateremka chini karibu na ziwa. Mchanga wa huko ulikuwa laini, mweupe mweupe, hauna hata kokoto. Nilijiona mjanja, na hata nilidhani nimeleta bora zaidi. Nikaukaanga. Kioo hakikupata ukungu hata chembe.

Bomba lilipokuwa jekundu, likalia kama bunduki. Kizibo kilipita juu ya kichwa cha baba na kutoboa bati la paa. Paka hatukuwaona siku mbili. Na pale kwenye kona, bomba likawa limepasuka urefu wa kidole changu.

Baba hakupiga kelele. Aliokota mchanga kidogo uliomwagika chini, akaupuliza, akauweka kwenye ulimi. Mama yangu alitia magadi kwenye maharagwe kila juma, nami nilijua jinsi sufuria inavyofura. Magadi ni makavu kwa macho na makavu kwa kioo. Lakini yakikutana na moto wa kweli, yanatoa yote yaliyokuwa yameyaficha.

"Rispah, huu ni wa wapi?"

"Kivukoni."

"Haya," akasema.

Bwana Upesi alifika akikimbia. "Nani haribu?"

Baba alisogea hatua moja, nikawa nyuma yake, naona tu mgongo wa ovaroli. "Ni mimi, Bwana. Nimekosea mchanga."

Alitukanwa mbele ya wakamuaji wote. Fundi bure. Kichwa ya punda. Mkamuaji mmoja alicheka ili kumfurahisha Bwana. Mimi nilikuwa naangalia kiraka cha ovaroli ya baba na sikufungua mdomo.

Asubuhi yake alibeba debe yeye mwenyewe, akanishika mkono, tukaenda kivukoni. Hakunikumbusha lolote. Alikata kipande kwenye bomba lililobaki, chenye umbo la jani la mharagwe, akakichomelea juu ya ule ufa na kukipiga tupa siku tatu. Kisha akachukua kidole changu, akakipitisha chini ya kona. "Unapasikia? Mwingine hatapajua." Gari lilipowashwa, mlio wake ulikuwa mzito na mtulivu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba. Bwana aliruka ndani akaondoka nalo. Baba alifagia karakana.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba hakujua nilimdanganya. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba ulimi wake ulishamwambia kabla hajaniuliza. Aliniuliza ili anipe nafasi, na nilipoikataa, akanifunika. Nikadhani yameishia hapo.

Hayakuishia. Chini ya gari lile, nyasi zikinichoma shingo, nilielewa jambo lililobaki. Katika kazi ile yote ya miezi, jina la baba lilitajwa mbele ya watu siku moja tu, siku ilipoharibika. Na siku hiyo lilitajwa kwa ajili ya kosa langu. Nilinyamaza nikiwa na miaka minane. Sasa nina watoto wangu, na mmoja wao ameniuliza kama babu yake ni mwongo.

Nilitoka chini ya gari na mafuta kwenye nywele. Kijana wa beji aliniambia malalamiko yanapokelewa kwa maandishi. "Lete karatasi," nikamwambia. Niliandika kwenye meza ya yule mama wa chai, mtoto amerudi mgongoni, na hii ndiyo nakala yake:

Kwa Kamati ya Maonyesho,

KUH: KADI ILIYO MBELE YA GARI JEKUNDU

Kadi hiyo si kweli. Ekzosi ya gari hilo ilitengenezwa na baba yangu, Fundi Elam. Tafadhali pitisheni kidole chini ya kona ya pili kutoka kwa injini. Mtakuta kiraka chenye umbo la jani la mharagwe. Halafu mwulizeni mwenye gari kiraka hicho kiliwekwa kwa nini. Akishindwa, mimi nitawaeleza, kwa sababu bomba lilipasuka kwa kosa langu, si la baba. Niliokota mchanga wa ziwani nikasema ni wa kivukoni. Hilo nalo liandikwe.

Naomba kadi ibadilishwe kabla ya Jumamosi. Siku hiyo nitamleta fundi mwenyewe. Macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hivyo kadi itasomwa na mjukuu wake, na yeye husoma kwa sauti.

Ni mimi,
Rispah, binti Elam