Kioo na Safari ya Kaka Yake

Fundi wa miwani waliyemwita Kioo hakuwa mtu wa kusahau. Dukani sifa hiyo ilimfaa: mteja wa miaka sita nyuma akiingia, Kioo alizikumbuka namba za macho yake yote mawili, na fremu aliyoikalia mpaka ikavunjika. Nyumbani ilikuwa balaa. Kaka yake, mwoka mikate, alimkosea mara moja tu, na miaka minne baadaye kosa lile lilikuwa bado bichi.

Kosa lenyewe ukimsimulia mtu asiyecheza gemu atakucheka. Acha acheke. Mama yao alikuwa muuguzi wa chanjo, miaka thelathini akiwachoma watoto wa watu sindano na kuwabembeleza papo hapo. Alipostaafu na kuanza kuugua, Kioo alimnunulia mashine ya gemu, ile ndogo ya kushika mkononi, na ndani yake Njia Saba, toleo la sita. Ni gemu ya hadithi ndefu: unakusanya wasafiri, unawapa majina, unawalea mpaka wapate nguvu, mnavuka nchi baada ya nchi, na mashine inaitunza safari yenu mlipofikia. Mama alimpa tabibu wake jina la Bibi Sindano. Yeye na bintiye wakacheza safari moja kwa kupokezana, mama mchana akiwa kitandani, Kioo akitoka kazini. Kaka mtu naye akafungua safari yake pembeni, katika mashine hiyohiyo.

Mwezi mmoja baada ya maziko, Kioo akiwa hajaigusa mashine tangu mama azidiwe, kaka mtu akaifuta safari ya mama na Kioo. Alisema alitaka kuitazama tu, kidole kikateleza. Kidole! Mashine ile haifuti kitu mpaka ikuulize mara mbili kama una hakika. Ni kidole gani hicho kinachoteleza mara mbili? Siku hiyohiyo Kioo aliichukua mashine, akaifungia kwenye droo ya meza yake ya kazi, chini ya vitambaa vya kufutia lenzi, na tangu hapo kaka yake hakupata kwake zaidi ya salamu. Watu wakamwambia hasira hasara. Alijibu kwamba hasara alishaipata, sasa alibakiwa na hasira, na hiyo hakuwa tayari kumpa mtu.

Kisha zikaja habari. Baada ya miaka tisa ya ukame, Njia Saba toleo la saba linatoka, la kushika mkononi kama lile la zamani. Kwenye kundi la mashabiki katika simu, usingizi ukaisha. Kulikuwa na video ya dakika moja na nusu, nao wakaichambua wiki nzima. Mtunza bustani mmoja aliapa kwamba kivuli nyuma ya lango kilikuwa na mkia, dereva wa lori akamwambia akapime macho, na wote wawili wakataka Kioo aamue kwa kuwa ndiye mwenye kazi ya macho. Kioo aliheshimika pale, na kuogopwa kidogo. Siku moja mgeni aliuliza kama wasafiri walioazimwa kutoka kwa mchezaji mwingine nao watahamia gemu mpya. Kioo akamjibu kwa ukali: "Soma masharti, ndugu. Msafiri wa kuazimwa hahami. Anarudi kwa mwenyewe." Kundi zima likamcheka mgeni wa watu.

Maana hilo ndilo lililowapa wazimu: safari yako ya zamani unaweza kuihamishia gemu mpya, pamoja na wasafiri uliowalea. Mara moja tu, na ikishahama, ile ya zamani inafutika. Kioo aliposoma hayo, akatabasamu peke yake mbele ya mashine ya kusagia lenzi. Ndani ya droo yake ilibaki safari moja, ya kaka yake, iliyolala humo miaka yote ile. Ataihamishia kwake. Kaka mtu ataanza mikono mitupu, kama alivyomwacha yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa auonje na yeye.

Kaka alipiga simu. Kioo aliiacha ikaita mpaka ikachoka. Alipopiga tena, akapokea ili tu ausikie moyo wake ukifurahi.

"Mdogo wangu," kaka yake alisema, "ile safari yangu usiihamishe. Kuna kitu mle ndani..."

Kioo akakata. Kwa hiyo panapouma ni hapo, akajisemea, na roho ikamsuuzika. Siku mbili baadaye akaja wifi yake dukani, akajifanya anapima macho. Alizisoma herufi zote ukutani, hata zile za chini kabisa zinazowashinda vijana, kisha akatoa alichotumwa: kaka mtu anaomba apewe mashine japo kwa siku moja, na kama haiwezekani, basi Kioo afanye lolote analotaka ila asihamishe. Kioo alimwambia macho yake ni mazima, miwani haihitaji, na akamfungulia mlango kwa heshima zote.

Siku ya gemu kutoka, Kioo alikuwa mtu wa kwanza kuinunua. Saa ya chakula cha mchana akageuza kibao cha mlangoni, akaondoa fremu mezani, akaziweka mashine mbili ubavu kwa ubavu, ya zamani na mpya. Kwanza aliifungua safari ya kaka yake. Alitaka aone vizuri anachomnyang'anya, ili afaidi.

Wasafiri wakajipanga kwenye kioo cha mashine: mpiga upinde, mfua chuma, mbeba taa. Wa nne alikuwa Bibi Sindano.

Alikuwa yeye mwenyewe, na kilemba cha kijani alichochaguliwa na mama, na ule mkoba ambao Kioo na mama waliutafuta siku tisa. Machozi yalimtoka kabla hajajua kama ni ya furaha. Kisha hasira ikaja, kubwa kuliko ile ya miaka minne. Kumbe alikuwa naye muda wote! Amemfuta kwetu, akamficha kwake, akakaa kimya! Sasa hata huruma ile ndogo iliyokuwa imebaki ikaondoka. Bibi Sindano anarudi nyumbani leo hii.

Akabonyeza kuhamisha. Mashine ikauliza kama ana hakika. Ndiyo. Ikauliza tena, mara hii kwa maneno marefu kidogo. Kioo, ambaye hakukata lenzi hata moja bila kusoma karatasi ya daktari mara tatu, hakuyasoma. Ndiyo.

Mashine mpya ikawaka. Mpiga upinde akaingia, mfua chuma, mbeba taa. Nafasi ya nne ilikuwa tupu, na chini yake mstari mmoja: Bibi Sindano alikuwa wa kuazimwa. Amerudishwa kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mama, katika ile safari iliyofutwa. Kioo akaichukua mashine ya zamani. Haikuwa na kitu.

Mlango uligongwa. Kaka yake alisimama nje na unga kwenye nyusi, ametoka kazini mbio. Kioo akamfungulia. Akamkabidhi mashine ya zamani. Kaka mtu akaiwasha, akaona haina kitu.

"Mama aliniazima Bibi Sindano nilipokwama pale kwenye lango la mlima," alisema. "Wiki yake ya mwisho. Nilitaka uje umwone humohumo, maana kumtoa haiwezekani. Kila nikianza kukwambia, unakata."

Kioo alitamani afoke. Badala yake akamwonyesha mashine mpya, ile nafasi ya nne ikiwa tupu.

"Ilikuuliza mara mbili?" kaka yake akauliza, taratibu, bila kejeli.

"Mara mbili," Kioo akasema.

Kaka yake akavuta kiti cha wateja, akakaa.