Shavu la Pili

Makofi niliyopigwa kwenye bomba la maji mtaani Nyalenda nikiwa msichana wa darasa la saba bado nayakumbuka, mjukuu wangu, na leo nataka ukae nikusimulie. Nimesikia wanayokufanyia wenzako shuleni na yale wanayoandika juu yako kwenye simu. Nimesikia pia kwamba umeambiwa unyamaze kwa kuwa wewe ni mtoto wa kanisa. Hilo la mwisho ndilo lililonikasirisha zaidi.

Mama yangu alikuwa akikaanga mgongo wazi kando ya barabara. Unaijua, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa na kupelekwa kwa wenye pesa zao ng'ambo. Sisi tulibakiwa na vichwa na uti wa mgongo, na tulimshukuru Mungu kwa hivyo. Moshi na mafuta viliingia kwenye nguo zetu, kwenye nywele, hata kwenye madaftari yangu. Nilioga kila asubuhi, nikajisugua mpaka ngozi ikaniwasha, na harufu ikabaki palepale.

Darasani jina langu likawa Mgongo Wazi. Aliyenipa jina hilo aliitwa Beldina, binti wa mzee wa kanisa letu, msichana mwenye sauti tamu aliyeongoza kwaya ya watoto. Nikiingia darasani aliziba pua, na wote wakaziba pua. Walinitilia miiba ya samaki kwenye sweta, na mwenye kukaa karibu nami alichekwa pia, basi nikawa nakaa peke yangu. Usidhani nakuza mambo. Mtoto akichekwa kila siku huanza kujichukia, na mimi nilifika mahali pa kumchukia hata mama yangu kwa kazi ileile iliyonilisha.

Nilimweleza mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Aliniwekea mkono kichwani, akaniombea, kisha akasema, "Auma, Yesu alisema ukipigwa shavu moja, geuza ingine. Wewe samehe tu, na usipelekee watu maneno. Mungu anaona." Nami nilikuwa mtoto mtiifu, tena mtiifu kupita kiasi.

Sasa pale bombani, mtungi ndio unaokushikia foleni. Unauacha mahali pako, unaenda zako kufanya kazi nyingine, na hakuna anayeugusa. Hata walevi wa mtaa waliheshimu hilo. Jumamosi moja nilirudi nikakuta wangu umetupwa mtaroni, na Beldina na marafiki zake wamesimama mahali pangu. Niliuokota, nikaurudisha palipokuwa pake. Beldina akanizaba kofi.

Nikafanya nilivyofundishwa. Niligeuza uso nikampa shavu la pili.

Mwanzoni hawakuelewa. Kisha Beldina akaangua kicheko. "Haki huyu! Si ati ni Mkristo sana? Haya, nyinyi kujeni, shavu iko hapa ya bure!" Wakapanga foleni, mwanangu. Walipanga foleni kama ya maji, na kila mmoja akanipiga kwa zamu yake, nami nimesimama nimefumba macho naomba, nikiamini kwamba wakati wowote wataona aibu. Hawakuona aibu yoyote. Kina mama walikuwepo na ndoo zao, watu wazima waliomjua mama yangu kwa jina, na mmoja wao akasema tu, "Nyinyi watoto, wacheni kelele." Kofi la mwisho likanipata sikioni. Nilisikia kitu kikipasuka ndani, kikafuata mlio mkali, halafu upande ule wote ukawa kimya.

Nyumbani sikusema neno, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisipeleke maneno. Sikio likaanza kutoa usaha, nikawa naliziba kwa pamba na kufunga kitambaa kichwani. Asubuhi niliaga naenda shule, lakini nilishinda ufuoni Dunga natazama ziwa. Nitakwambia ukweli, maana umeshakua. Nilikuwa nimechoka kuishi. Nilitazama yale maji kwa mawazo ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo, na kwa kuwa niliona hata uchovu huo ni dhambi, sikumwambia hata Mungu.

Aliyenigundua ni dani, ndiye bibi yangu mzaa mama, alipokuja kututembelea kutoka Katito. Aliona kwamba nikisemeshwa nageuza kichwa kizima. Akanivuta karibu, akafungua kile kitambaa, akanusa, akaketi chini. Nilimweleza yote, na ya ufuoni pia. Akalia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alipomaliza kujipangusa, alinikemea kweli.

"Nani alikuambia Yesu anataka hii?"

Nikamtajia habari ya shavu.

"Na yeye mwenyewe, siku walimpiga kofi kwa kuhani mkuu, alifanya nini?" akauliza. "Alinyamaza? Aliuliza huyo askari mbele ya watu yote: kama nimesema vibaya, onyesha hiyo ubaya, na kama ni vizuri, unanipigia nini? Hakurudisha kofi. Lakini aliuliza, nyathina. Aliuliza na watu wakasikia."

Nyathina ni mwanangu kwa lugha yetu, na alilitamka kwa ukali uleule aliotumia kufokea kuku.

Hospitalini walisema ngoma ya sikio imepasuka na kwamba tumechelewa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, dani alinishika mkono tukaenda nyumbani kwa kina Beldina. Wazee wengine wa kanisa walikuwa wameketi sebuleni kama desturi yao ya Jumapili. Tukakaribishwa vizuri, tukawekewa chai na mihogo. Dani akakisogeza kikombe chake mbele, mbali naye, akaweka mikono mapajani.

Kwetu, kukataa chakula katika nyumba ya mtu si jambo dogo. Ni kutangaza kwamba kati ya nyumba hiyo na yako pana kitu kibaya.

"Mama, kunywa kwanza," baba yake Beldina akasema. "Maneno itakuja."

"Mzee, chai yako ni mzuri, lakini haiwezi pita kwa koo yangu. Mjukuu wangu ako na kitu ya kuuliza msichana yako."

Beldina akaitwa kutoka jikoni. Nilitamani kutoroka nirudi kulekule ziwani. Dani alinibana mkono tu, nami nikasema, "Beldina, mimi nilikukosea nini? Unanipigia nini?"

Beldina akamtazama baba yake. "Ilikuwa mchezo tu."

"Auma," dani akasema, "fungua hiyo kitambaa waone mchezo."

Nikafungua. Harufu ikajaa sebule nzima, na hapakuwa na mtu aliyeziba pua. Mzee mmoja aliinamisha kichwa akakitazama kikombe chake. Baba yake Beldina akasimama ghafla na kuanza kufungua mshipi wake, lakini dani akainua kiganja.

"Wacha. Mimi sikukuja msichana apigwe. Nilikuja ukweli ikae hapa kati yetu."

Beldina akalia, akaniomba msamaha. Kama ni kwa majuto au kwa kuogopa mshipi, hadi leo sijui. Hapo ndipo dani aliposema sasa aletewe chai, akanywa kidogo, tukaondoka. Kesho yake baba yake Beldina alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na toka siku ile hakuna aliyeninyooshea mkono. Ziba-pua ilichukua muda kuisha. Sikio halikurudi kamwe. Na msamaha, nisikudanganye, ulinichukua miaka mingi ya kuomba nikiwa na hasira. Siku hizi tunakutana sokoni mimi na Beldina, tunasalimiana vizuri. Marafiki hatukuwahi kuwa, wala sidhani kama Mungu anatudai hilo.

Basi nisikilize. Kusamehe ni amri, na sitakutafutia njia ya kuikwepa. Lakini usichanganye kusamehe na kumfichia mtu uovu wake, maana ukimfichia unamwacha azidi kuharibika, na wewe unazidi kuumia. Usirudishe kofi. Usirudishe matusi kwenye simu, hata kama unayajua makali kuliko yao. Ila uliza, na uulize mbele ya watu. Mweleze mama yako, mweleze mwalimu, na wa kwanza akikwambia unyamaze, nenda kwa mwingine, hata kama aliyekunyamazisha ameshika Biblia. Na mawazo kama yangu ya ufuoni yakikujia, usiyabebe peke yako hata saa moja. Njoo kwangu, kimbia ukiweza. Mungu hamkasirikii mtu aliyechoka, na nasikitika kwamba mimi nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa sana.

Nenda sasa, mwanangu. Yesu aliyepigwa kofi mbele ya kuhani mkuu akakae nawe kwenye dawati lako. Akupe sauti, akulinde usije ukafanana na wanaokuumiza, na akuzeeshe, akuzeeshe sana, kama alivyonizeesha mimi ambaye sikutarajia kufika darasa la nane. Amina.