Matonge Matatu Kwenye Tembe Tupu

"Umekula wapi?"

Mama aliniuliza hivyo jua likizama, amenishika mkono wa kulia kama polisi aliyekamata mwizi. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, Dar es Salaam, na nyumbani walinijua kwa kuwa na jibu la kila kitu, hata la maswali ambayo sikuulizwa. Lakini swali hilo la maneno mawili lilinishinda.

Ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala sikuwa nimelala. Ukikataa kuamini sitakulaumu, maana mtu wa kwanza kukataa nilikuwa mimi.

Ulikuwa mwaka ule watu wa mkoa wetu wa Singida walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nikirudi likizo kwa treni. Baba, ambaye alikuwa mwalimu, aliniandikia barua kwamba nisipande basi la kwenda Singida nikishuka Manyoni. Yeye, Mama na mdogo wangu Zena, aliyekuwa na miaka sita, wangenipokea pale stesheni, kisha sote twende kutembea Kilimatinde. "Umesomeshwa habari za Ulaya nzima," aliandika, "lakini boma la Wajerumani lililo mkoani kwako hujaliona."

Basi tukaenda, tumepanda lori la mtu anayebeba chumvi. Mwenyeji wetu alikuwa Mwalimu Yona, aliyesoma na Baba chuo cha ualimu. Mchana mkewe alituandalia chakula cha kwao: ugali wa uwele, mlenda wa karanga, kuku, na kibuyu cha togwa. Alipokwisha kutandika mkeka na kuweka vyungu, alimega tonge, akachovya kwenye mlenda, akala mbele yetu. Akapiga na funda moja la togwa. Ndipo akasema, "Karibuni."

Unajua desturi hiyo. Mwenyeji huonja kwanza ili mgeni ajue chakula ni safi. Hata kwetu Wanyaturu ipo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa Dar miaka miwili, basi nikasema, "Mama, kwani kuna anayefikiri umetuwekea sumu?"

"Wewe!" Mama alinikazia macho.

"Nauliza tu. Kama ni sumu, si angeweza kuonja upande wake na kutuwekea upande wetu?"

Mke wa Mwalimu Yona alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mnamwoza kwa nani?"

"Hatumwozi," Baba alisema. "Nani atakubali kuhojiwa kila siku juu ya chumvi? Msomi, kula."

Nilikula, na kilikuwa chakula kizuri kweli. Baadaye tukaenda kuliona boma lenye kuta nene, na njia ambayo Mwalimu Yona alituambia misafara ya pembe za ndovu ilipita kutoka bara kwenda pwani. Nilikuwa na maswali mengi. Nani alikuhadithia? Yeye alihadithiwa na nani? Mzee wa watu alinijibu kwa subira.

Mwisho alitupeleka kwenye ukingo. Kilimatinde iko juu, na ardhi inakatika ghafla kwenda chini Bonde la Ufa, mawe na miiba mitupu, hadi mbuga za Bahi kule mbali. Upande mmoja wa ukingo niliona matembe, zile nyumba zetu za paa bapa la udongo, yamekaa kimya. Mwalimu Yona alisema wenyewe wamehamishiwa kijiji kipya, na mapaa yametobolewa ili wasirudi.

Hapo mimi na Baba tukaanza. Yeye alisema watu watapata shule, maji na zahanati. Mimi nikasema ni sawa, lakini aliyewauliza ni nani? Mama alikuwa amenipa kazi moja tu pale ukingoni: kumshika Zena mkono. Nilimwachia mkono ili nihesabu hoja zangu kwa vidole. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya nne nikageuka, na Zena hakuwapo.

Sijui kama umewahi kumpoteza mtoto mahali penye shimo la futi mia kadhaa. Sauti ya Mama ikiita jina lile naisikia hadi leo. Tuligawanyika. Baba na Mwalimu Yona waliteremka kwenye mawe, Mama alirudi njia ya boma, na mimi nikashika kijia cha kuelekea kwenye matembe. Jua lilikuwa limeshuka, na jioni fisi wa kule hawasubiri giza. Nilikimbia nikijiambia maneno yaleyale: ni mimi niliyemwachia.

Moshi ndio ulionivuta. Moshi, na harufu ya karanga zikichemka. Katika tembe la mwisho mlango ulikuwa wazi, na ndani, kando ya mafiga, alikaa mwanamke wa makamo aliyevaa kaniki. Nyuma yake, juu ya ngozi ya ng'ombe, Zena alikuwa amelala fofofo.

Nilitaka kumrukia nimkumbatie. Hata hivyo nilikumbuka adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Nimemfuata mdogo wangu. Asante sana, mama, asante. Tulidhani ametumbukia."

"Alikuwa akielekea huko. Nikamwita." Alikuwa akisonga ugali, wala hakuinua macho. "Nimempa chakula, amekataa. Anasema mama yake amemkanya asile kwa watu. Wewe utakula."

"Tumeshakula, mama. Na huko nje wanamtafuta."

Mwiko ulisimama. "Wote husema wameshakula," alisema.

Niliinama kumbeba Zena. Sasa nisikilize vizuri. Mtoto yule nilikuwa nimembeba asubuhi ileile kutoka stesheni hadi kwenye lori, begani, huku mkono mwingine umeshika sanduku. Pale kwenye ngozi hakuinuka. Nilitia mikono kwapani nikavuta, ikawa kama navuta jiwe la kusagia lililofukiwa ardhini. Nilimwita, nikamfinya. Alipumua vizuri, uso umetulia, lakini hakuamka.

Nilijiambia kwamba nimechoka kwa kukimbia. Ndiyo, hata wakati ule nilikuwa nikijieleza.

Yule mwanamke alipakua ugali, akaweka bakuli la mlenda pembeni, akanisogezea maji ya kunawa. Kisha akakunja mikono.

Nilingoja aonje. Mimi, niliyekuwa nimeicheka desturi hiyo mchana, nilingoja aonje, na yeye akaona kwamba nangoja.

"Mimi sionji tena," alisema. "Nilionja mbele ya watu wote, tena nilikula nusu ya chungu wakinitazama. Wakasema mchawi hafi kwa sumu yake. Basi kuonja kwangu kunamsaidia nani?"

Sauti yake haikuwa ya hasira. Alisema kama mtu anayekueleza bei ya mahindi. Nilimwangalia mikononi, usoni, miguuni. Kila kitu kilikuwa cha mtu. Ila mwanga wa moto ulimpita bila kutupa kivuli chake ukutani, nami nikaamua kutoutazama ukuta ule tena.

Ungefanya nini? Kukimbia bila Zena nisingeweza. Nilifikiri haraka. Kwani ninaogopa nini? Mwanamke amesingiziwa, amepika, hana mtu wa kumlia chakula. Kama uchawi haupo, kama nilivyokuwa nikiwaambia watu wote, basi huu ni ugali. Na nikikataa kuula, basi kelele zangu zote za mchana zilikuwa za bure.

Nikanawa. Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Nikamega tonge, likaniunguza vidole, nikachovya, nikala.

Wallahi, ulikuwa mlenda mtamu kuliko wa mke wa Mwalimu Yona.

Yeye alikuwa akitazama koo langu. Nilipomeza tonge la kwanza aliinamisha kichwa kidogo. La pili, alikunjua mikono yake. La tatu liliposhuka alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akasema polepole, "Umekula kwangu."

"Nimekula kwako, mama. Chakula kizuri."

"Kawaambie."

Zena alipiga chafya. Akakaa, akafikicha macho, akasema, "Dada, mbona umechelewa? Twende kwa Mama." Nilimbeba, naye alikuwa mwepesi kama siku zote. Niliaga, nikatoka, na sikugeuka. Sikuwa jasiri kiasi hicho.

Tulikutana na Mama kijiani. Alimkumbatia Zena, akanipiga kofi, akanikumbatia mimi, akalia, akacheka, vyote kwa pamoja. Baba alifika akihema, suruali imechanika, akakaa chini tu kwenye vumbi akasema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," mpaka Mwalimu Yona akamwinua. Ndipo Mama akaona mlenda unaokauka kwenye vidole vyangu.

"Umekula wapi?"

Nilionyesha kule matembeni, lile la mwisho. Mwalimu Yona alinusa mkono wangu. Uso wake ukabadilika.

Alitueleza tukiwa tumefika kwake. Tembe lile la mwisho lilikuwa la mwanamke mmoja fundi wa mapishi ambaye watu walimwita kwenye kila harusi. Katika harusi moja mgeni mmoja aliangukia uani akishika tumbo, akakimbizwa hospitali, akafa huko. Tangu siku hiyo hakuna aliyemlia chakula. Alikuwa akipika kila jioni, anakaa mlangoni, anakaribisha wapitao. Wote walimjibu kwamba wameshakula. Miaka minne. Alikufa masika yaliyopita, kabla ya watu kuhamishwa.

"Nani anasema alikufa?" niliuliza. "Huenda alijificha asihamishwe."

"Mwanangu," Mwalimu Yona alisema, "nilichimba kaburi mimi."

Usiku ule hawakulala kwa ajili yangu. Mama alininywesha maziwa mpaka nikasikia yakicheza tumboni. Mke wa Mwalimu aliweka beseni karibu, na Baba, mtu wa sayansi na maendeleo, alishika mshipa wa mkono wangu kila saa. Mimi nililala. Kulipopambazuka niliamka, nikawakuta wote watatu wamenikodolea macho, nikasema neno la kwanza lililonijia:

"Kuna uji?"

Mama aliangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena kwake. "Anaomba uji! Jamani, msomi anaomba uji!" Mke wa Mwalimu akapiga vigelegele kama kwenye ubatizo. Nilikunywa bakuli mbili, na nilipoanza ya tatu Baba alisema sasa imetosha, wenyeji nao watakufa njaa.

Kabla ya kuondoka nililazimisha tukaangalie. Paa la tembe lilikuwa limetobolewa, mbingu inaonekana. Katikati ya mafiga nyasi zilikuwa zimeota, kiasi cha kufika magotini. Hakukuwa na jivu jipya, ngozi ya ng'ombe, wala bakuli. Niliuliza maswali yangu yote, mpaka Mwalimu Yona akanishika mkono akanirudisha njiani.

Zena anakumbuka kidogo tu. Anasema mama mmoja alimwita kwa jina lake pale ukingoni, akiwa amebakiza hatua moja.

Mwalimu Yona alituandikia baadaye. Alisema kabla ya siku ile wachungaji waliopita kule jioni walikuwa wakisikia harufu ya karanga, na hawakuwa wamemwambia mtu. Sasa haisikiki tena. Nilifanya kama nilivyoagizwa: nimewaambia watu kila mahali nilipofundisha, Shelui, Issuna, na mjini, na wengi wamenicheka. Bado siamini mambo mengi. Nabishana na waganga, na wanasiasa, na wanangu. Lakini tangu siku ile, mtu akinikaribisha chakula sijawahi kusema nimeshakula. Hata kama nimeshiba, namega tonge.

Nawe nakusihi. Mtoto akiwa mkononi mwako, hoja zako zihesabu kimoyomoyo. Na ukisikia kwamba chakula cha mtu fulani hakiliwi, usiwe wa mwisho kwenye foleni ya kukataa. Uliza kwanza. Kuuliza hakujamuua mtu.

Mimi jambo moja nilichelewa kuliuliza, na nililisikia bila kutafuta. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita. Nimelazwa wodini, nawasimulia wagonjwa wenzangu kisa hiki ili usiku uishe, na muuguzi mmoja wa makamo akasimama na sinia la dawa mkononi. Alikuwa msichana mwanafunzi wa uuguzi, tena zamu ilikuwa yake, siku aliyoletwa hospitali yule mgeni wa harusi. Utumbo ulikuwa umejisokota, alisema, na maumivu yalimwanza kabla hajatoka kwao. Alipoulizwa alikula nini harusini, mgonjwa mwenyewe alijibu, naye muuguzi alimsikia kwa masikio yake: tumbo lilimuuma mno, chakula cha harusi hakukigusa hata tonge moja.